Mkojo wa Buibui

1

Siku ya thelathini na tatu tangu tumzike mwanangu Mahfudhi, Mwenyekiti Duha alikuja nyumbani kunikumbusha kwamba sababu ya kifo bado haijaandikwa. Alilisema akiwa amesimama uani, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Nilimwambia najua. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa Mizani pale Mkeketa. Kila asubuhi nilipowasha kioo cha ofisi, jina la mwanangu lilikuwa la kwanza juu, na mbele yake kulikuwa na pengo la rangi ya machungwa lililohesabu siku zilizobaki.

Nyuma ya mwenyekiti, Sikitu, binti yangu wa miaka minane, alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kupiga ukuta kwa kandambili. Alikuwa anaua buibui. Alianza siku tuliyoanua matanga, na hakuna mtu mzima aliyemwambia aache. Jioni aliniletea hesabu. Kumi na saba. Kumi na mbili. Siku hizo za mwisho walikuwa hawafiki watano, naye alianza kwenda kuwatafuta kwa majirani.

Duha alimtazama kwa muda, kisha akasema watu wako tayari, tufanye baraza keshokutwa, jambo lenyewe linajulikana. Mtoto alikojolewa na buibui. Kila aliyekuja kumwona kabla hajafunikwa aliyaona malengelenge.

Mahfudhi hakukojolewa na buibui. Nilijua hivyo tangu saa sita mchana ya siku ile, niliporudi kutoka ofisini nikamkuta amelala mapajani mwa wifi yangu Mwasiti, malengelenge yamemzunguka mdomo na kushuka hadi kidevuni. Mwasiti alikuwa ametafuna mtama mbichi na kumpaka, kama mama zetu walivyotupaka sisi. Aliniambia buibui amemkojolea usingizini. Niliinama nimwangalie mtoto, nikanusa pumzi yake. Ilikuwa harufu ya maji ya vioo.

Maji ya vioo yalikaa ofisini kwenye kopo jekundu lenye kufuli. Kazi yake ni kusafisha lenzi za mlingoti wa Mizani. Ukiyatia kwenye bilauri huwezi kuyatofautisha na maji ya kisima. Makarani wote niliowahi kufanya nao kazi waliyachota kidogo kidogo kwenye chupa wakaenda nayo nyumbani, kwa sababu hakuna kitu kinachotoa masizi kwenye sufuria kama maji yale. Mimi pia niliyachota. Chupa niliiweka chini ya benchi la jikoni, nikaisukuma nyuma, nikaona imetosha.

Niliikuta imelala chini, kifuniko kimefunguliwa. Niliyamwaga yaliyobaki kwenye shimo la taka, chupa nikaitia motoni, ndipo nikambeba mtoto mgongoni kwenda barabarani kusubiri gari. Hilo ndilo jambo ninalolirudia. Kwanza nilimwaga, kisha nikambeba. Alikata roho kabla gari halijatokea, na alasiri tukamzika. Tabibu wa zahanati alifika kesho yake akakuta udongo umekwisha kukauka juu.

Nieleze na hii Mizani, maana wapo watakaosoma ambao hawakuishi chini yake. Nilipokuwa bado tumboni mwa mama yangu, milingoti ilisimamishwa kila kijiji. Ilisikiliza. Ilijua mbawa za mbu kwa mlio na miguu ya siafu kwa mtikisiko, na ilijua kila mtu kwa ushanga aliovaa mkononi. Mwaka wa kwanza akina mama wa Mkeketa walisimama mbele ya kioo mmoja mmoja, wakasema ni mbu waliowaulia watoto, wakaweka vidole. Mlingoti ukamwaga poda isiyoonekana kwa macho. Mbu jike wa aina ile aliyeigusa hakuzaa tena. Mimi ni wa rika la kwanza lililokua hapa bila kuijua homa ya mbu.

Kwa hiyo watu waliamini, na hawakuwa wajinga kuamini. Shida ni kwamba tangu siku hiyo waliamini nyuma ya kila kaburi dogo kuna mdudu.

Sheria ilisema sababu ya kifo cha mtoto iandikwe kabla ya arobaini. Ikiwa ni kiumbe, watakiwa mashahidi arobaini na kidole cha mama, na kiumbe hicho kitafutwa, kisibaki hata kimoja, mpaka umbali wa mwendo wa siku moja kila upande. Ikiwa ni binadamu, jina moja litaandikwa, na mwenye jina hataruhusiwa kukaa ndani ya hatua mia tano kutoka kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka kumi na miwili, kwa muda wa miaka kumi. Na pengo likibaki tupu siku ya arobaini, wakaguzi watakuja wenyewe na kuandika jina la mtu aliyekuwa na mtoto saa ile.

Aliyekuwa naye ni Mwasiti. Alikuwa na mimba ya miezi sita, baada ya tatu zilizoharibika. Mtoto wake angechukuliwa siku ya kuzaliwa.

Nilimwambia mwenyekiti baraza liitishwe.

2

Tulikaa kwenye kivuli cha ghala la mtama, asubuhi, wakati jua bado ni la upande mmoja. Mimi nilikaa mezani na kioo, kwa kuwa karani hakuwa mwingine, na mashahidi walipanga mstari mbele yangu kutoa ushahidi kwa ajili ya mwanangu mwenyewe. Kila mmoja alinipa pole kwanza. Kisha alisema lake, nami nikaandika.

Bi Kidawa, jirani yetu wa upande wa kisima, alifunua shingo kuonyesha kovu. Alisema aliamka asubuhi shingo inawaka, akainua macho, akamwona buibui juu ya kitanda ametulia kama mwenye nyumba. Mzee Kijuu alisema mkewe hukojolewa mdomoni kila arudipo kutoka gulioni. Mtu wa nyuma akauliza kama buibui huyo anaijua ratiba ya gulio au anatumiwa salamu. Watu wakacheka, halafu wakakumbuka wako mbele ya nani, wakanyamaza vibaya.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya ukarani, wiki sita, tulifundishwa juu ya vidonda hivi. Buibui hana mkojo wa kuchoma. Anachotoa ni tone jeupe kama chokaa, ukilipangusa limekwisha. Vidonda vingine ni ugonjwa unaokaa mwilini na kutoka mdomoni mtu akichoka. Vingi ni vya yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, asiyezidi punje ya mchele, anayefuata taa wakati wa mvua. Naye haumi. Akikutambaa na ukimwacha, atapita zake. Ukimponda, maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza, na hutajua mpaka kesho, wakati yeye amekwisha kuwa alama shukani. Kinachobaki kuonekana juu ya kitanda ni buibui, kwa sababu buibui hakimbii. Anakaa kwenye utando wake, anangoja, na watu wanamkuta pale kama mwizi aliyelala kwenye nyumba aliyoivunja.

Nilijaribu mara moja tu. Nilimuuliza Bi Kidawa kama alimwona buibui akikojoa.

"Mwanangu," alisema, "na wewe umeshawahi kuuona upepo?"

Nikaandika. Kwa nini nisingeandika? Kila neno la uongo wao lilikuwa tofali katika ukuta uliokuwa unanificha. Nilikuwa ninaona ukuta ukipanda.

Walipofika hamsini na mmoja, kioo kiliuliza. Kiliandika kwamba buibui waliohesabiwa Mkeketa ni aina mia moja na kumi na nne, tuchague ni yupi. Nilisoma kwa sauti. Watu walitazamana. Mtu mmoja aliuliza kama yumo na yule mdogo wa dirishani anayerukia nzi, maana yule hana tabu na mtu. Mzee Kijuu alisema aliyekojoa hakuacha jina. Basi wote. Neno likapita mstari mzima: wote, wote.

Kioo kikabaki na nafasi moja, ya kidole changu.

Mwenyekiti Duha aliinama karibu yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya milingoti, na alitaka kunipa kitu ambacho yeye alikipata kwa mbu. Alisema polepole, wengine wasisikie:

"Buibui hana mama wa kumlilia. Weka kidole, upumzike."

Nilimwambia kanuni inaniruhusu kukagua kijiji kilichotangulia kabla ya kuidhinisha. Kanuni hiyo ilikuwepo kweli, ingawa sikumbuki karani yeyote aliyewahi kuitumia. Kwamlawa walifuta buibui miaka miwili iliyopita. Nilisema nitakwenda huko, nitarudi kabla ya arobaini. Watu hawakupenda. Bi Kidawa alisema huzuni imeniingia kichwani, niachwe.

3

Nilikwenda kwa pikipiki ya umeme ya ofisi, mwendo wa saa tatu. Nilijua nimefika Kwamlawa kabla sijaona nyumba, kwa sababu ya nzi. Walitua kwenye midomo yangu, kwenye kingo za macho, na nilipowafukuza waliinuka kidogo tu na kurudi, kama watu waliozoea.

Karani wa pale alikuwa Bwana Sufiani, mtu mzima wa ndevu nyeupe, mwenye kuzungumza huku amefunika bilauri yake kwa kiganja. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya kumbukumbu za miaka miwili. Hakuniuliza za nini. Alinitembeza kwanza.

Mtama wao ulisimama, lakini mashuke yalikuwa yameliwa ndani. Ulipolikunja shuke liliteremsha unga wa kijivu na kiwavi mmoja mnene. Sufiani alisema buibui wa shambani walikuwa wakiwala viwavi hao wakiwa bado wadogo kama nyuzi. Hakuna aliyewahi kuwaona wakila, kwa hiyo hakuna aliyewahesabu. Nilimuuliza kama hawakuomba Mizani iwafute na viwavi. Alisema waliomba. Viwavi wakifutwa, wanaofuata ni vipepeo wanaochavusha maboga, maana ni kiumbe kilekile katika umri mwingine, na hilo watu walikataa kuliamini mpaka alipowafungia kiwavi kwenye kopo wakamwona anatoka na mabawa.

"Mizani inajua kutoa," alisema. "Kurudisha haijafundishwa."

Kisha tulipita shuleni. Ilikuwa saa ya mapumziko. Watoto walikuwa wamekaa kwenye baraza, na nilidhani wanalia wote, kumbe ni macho yao. Kope zilikuwa zimevimba na kugeukia ndani. Nzi walikaa kwenye pembe za macho kama shanga. Msichana wa umri wa Sikitu aliniamkia akitazama upande ambao sikuwepo.

Nilimuuliza Sufiani wangapi. Alisema walio hivyo kabisa ni kumi na wanne, wengine wanaelekea. Dawa inakuja, lakini nzi wanakuja mara nyingi zaidi kuliko dawa.

Nilirudi naye ofisini, nikafungua kumbukumbu nilizokuwa nimekuja kuzisoma. Kifo kilichoandikwa kilikuwa cha mtoto wa miezi saba, malengelenge ya uso. Mashahidi arobaini na sita. Nilimuuliza kama baada ya kufuta buibui, vidonda vya kukojolewa vimekwisha.

Alicheka bila sauti.

"Vipo palepale. Siku hizi wanasema ni popo."

Aliongeza kwamba barua ya popo ilikuwa mezani kwake, mashahidi thelathini na tisa, na kwamba yeye mwenyewe huamka asubuhi akiogopa kusikia hodi ya wa arobaini. Nilipoondoka aliniomba nisimwambie mtu kwamba alinionyesha watoto. Alisema wazazi wao wanaona haya.

Njiani nilisimamisha pikipiki. Nilikaa kando ya barabara. Nilijua sasa kwamba nikiweka kidole ninachukua macho ya watoto nisiowajua, wa vijiji vyote vya mwendo wa siku moja, na ninayatoa kwa ajili ya chupa niliyoileta mwenyewe. Nisipoweka, nitatoa au mtoto wa Mwasiti, au Sikitu. Nilijaribu kupima. Nikaona kila nikipima, kidole changu kinaegemea upande wangu.

4

Nilimkuta Mwasiti jikoni anachekecha unga, ameketi miguu mbali kwa sababu ya tumbo. Sikitu alikuwa kwa majirani. Nilimwambia niliyoyaona Kwamlawa, yote, hata ya popo. Alisikiliza bila kuacha kuchekecha. Nilipomaliza alisema watu wa Kwamlawa hawajafa.

Nilimwambia Mahfudhi hakuuawa na buibui.

"Najua, wifi," alisema. "Nilinusa."

Chekeche likasimama. Akaanza kusema, akiutazama unga. Alisema asubuhi ile alikuwa ameegemea ua, anamsikiliza Bi Kidawa akimpa habari za harusi ya mjukuu wake, na habari zilikuwa tamu, hazikwisha. Aliposikia mtoto anakohoa alidhani amepaliwa na ubuyu. Alipofika na kunusa, akajua ni kitu cha kunywa, lakini hakujua ni nini, na kwa woga neno la kwanza lililomtoka kwa waliokimbilia kuangalia lilikuwa buibui. Baadaye akaona shimo la taka limetoa povu. Akajua mimi ndiye niliyemwaga.

"Nikasema, wifi amenificha. Amemwaga ili isijulikane kwamba nilimwacha mtoto peke yake. Basi na mimi nitasema buibui mpaka mwisho, nisimwaibishe."

Kwa zaidi ya siku thelathini na tano tulikuwa tumekula sahani moja hivyo, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa jambo ambalo mwenzake hakulijua.

Nikamwambia sikumficha yeye. Nilijificha mimi. Maji yale ni ya ofisini, niliyaleta mimi, kinyume cha amri, kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nilimweleza na lile la kwanza kumwaga na kisha kubeba. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mdomo. Nilifikiri atainuka aniache. Aliniuliza kama mtoto angepona endapo ningembeba kwanza. Nilimwambia sijui. Nikamwambia tena, sijui, na ndilo jibu nililonalo hadi leo.

Alishika tumbo.

"Ukiandika binadamu, ni jina moja tu linalotakiwa."

"Ni langu."

"Na Sikitu?"

Mwasiti alianza kulia bila kelele, na huku analia alirudi kuchekecha, kwa kuwa unga ulikuwa wa chakula cha mchana na mtoto angerudi na njaa. Aliniomba nifikiri tena. Alisema Mungu aliwaumba buibui wengi kuliko watu. Alisema mtoto akikosa baba na mama kwa pamoja atakuwa kama nyumba yenye nafasi mbili za milango na isiyo na mlango hata mmoja. Baba wa watoto wangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwenye machimbo ya chumvi. Kila alilosema lilikuwa kweli. Nilitamani aseme jambo moja la uongo nipate mahali pa kushika.

5

Asubuhi ya siku ya thelathini na tisa nilikwenda ofisini mapema. Nilifagia. Nilihakikisha kopo jekundu limefungwa, ufunguo nikauweka juu ya meza, mahali pa kuonekana na mtu atakayekuja baada yangu. Kisha nikawasha kioo.

Nilisema sababu si kiumbe. Kioo kiliniuliza kama ninafuta ushahidi wa watu hamsini na mmoja. Ndiyo. Kiliniuliza sababu ni nini basi. Nikaandika: maji ya kuoshea vioo, yaliyotolewa ofisini kinyume cha amri na kuwekwa mahali mkono wa mtoto unapofika. Kikauliza jina.

Sitaki mtu afikiri nilikuwa jasiri. Niliandika herufi tatu za jina langu nikasimama. Nilitoka nje nikazunguka ofisi. Juu ya dirisha kulikuwa na buibui, wa miguu mirefu, amejikunja kwenye pembe, na nilimtazama nikitafuta huruma moyoni, nisiipate. Sikumpenda. Alikuwa buibui tu, hakuwa na habari na mimi wala na mwanangu, na labda hilo ndilo lililonisaidia. Sikuwa na deni la mapenzi kwake. Nilikuwa na ukweli tu, ambao haukuwa wake wala wangu. Nikarudi ndani nikamaliza: Zaituni binti Isere.

Kioo kiliuliza kama ninaelewa. Kiliuliza mara tatu, kwa maneno yaleyale, kama kilivyotengenezwa. Mara ya tatu niliweka kidole. Pengo la rangi ya machungwa likajaa, jina la Mahfudhi likashuka kutoka juu ya orodha na kuungana na majina mengine. Chini yake kukaandikwa muda nilioachiwa. Mpaka jua linapotua.

Mwenyekiti Duha alikuja mbio, kwa kuwa kioo chake cha nyumbani nacho kilipata habari. Alisoma mara mbili. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akavua kofia, akaipindua akatazama ndani yake.

"Ningekuwa wewe ningeandika buibui," alisema.

Nilimwambia najua. Alisema watu hawatanishukuru. Wataendelea kusema alikuwa buibui na karani alipotewa na akili kwa msiba, na mtu mwingine akipata kidonda watarudi palepale. Nilimwambia najua hilo pia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ni kweli yanayosemwa, kwamba watoto wa Kwamlawa hawaoni. Nikamwambia aende akatazame mwenyewe, aende saa ya mapumziko. Hakusema atakwenda wala hatakwenda. Lakini alinisindikiza mpaka nyumbani, akitembea upande wangu wa kulia, ili atakayetutazama amwone yeye kwanza.

Ningehamia kituo cha pampu ya maji, nje ya mipaka ya kijiji, ambako hakuna mtoto anayeishi. Mwasiti alikuwa amekwisha kunifungia nguo na chombo cha kupikia. Kilichobaki ni kumwambia Sikitu kabla hajaambiwa na wengine.

Nilimkuta ukumbini, kandambili mkononi, anatazama dari. Nilimketisha. Nilimwambia buibui hakumkojolea Mahfudhi. Buibui hawezi. Nilimweleza ya maji ya vioo, yalikuwa wapi, nani aliyaleta. Nilitumia maneno mafupi. Aliuliza kama Mahfudhi alidhani ni maji ya kunywa. Nilisema ndiyo. Aliuliza kama yalimuuma. Nilisema ndiyo. Kisha akasema basi wale aliowaua, na hakumaliza.

Nilimwambia ni kosa la wakubwa waliomwacha aamini. Nilimwambia mimi ninaondoka leo, nitakaa kituo cha pampu, na hatutaonana mpaka atimize miaka kumi na miwili. Alihesabu kwa vidole. Vinne. Alivitazama vile vidole kama vile vinaweza kupungua.

Nilingoja anipige, au akimbie. Aliniuliza:

"Kesho nani atanisuka?"

"Shangazi."

"Shangazi anavuta."

Nilimwambia nitamwomba asivute. Alisema hata ukimwomba anavuta. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa juzi tu, mistari bado ilikuwa mizima, lakini nilikaa kwenye kigoda nikamwita, naye akaja akakaa chini katikati ya magoti yangu, mgongo kwangu. Nikaanza kufumua. Nilifumua yote. Nikachukua kitana na mafuta ya nazi, nikagawa upya kutoka utosini, nikaanza kusuka upande wa kushoto, mistari myembamba kuliko niliyowahi kumsuka, kwa sababu myembamba huchukua muda.

Aliniambia mjukuu mdogo wa Bi Kidawa ameng'oka jino. Aliniuliza kama pampu hupiga kelele mchana kutwa, nikamwambia mtu huzoea. Mwanga ulikuwa umekwisha kufika ukuta wa mashariki na ulikuwa unapanda. Mwasiti alisimama mlangoni, hakuingia. Ushanga wa mkononi mwangu ulianza kutetemeka kuniambia muda unakwisha, kwanza kidogo, kisha bila kuacha, na Sikitu aliusikia kwenye ngozi ya kichwa chake, kwa kuwa aliinamisha shingo lakini hakugeuka.

Nilikuwa nimefika katikati. Nilifunga mstari wa mwisho, nikampangusa mafuta sikioni, nikainuka.

Upande wa pili alimalizia Mwasiti. Aliniambia mwenyewe, alipokuja kituoni kuniletea mtama wiki iliyofuata, kwamba alisuka polepole sana bila kuvuta, na kwamba Sikitu hakulia mpaka mistari ya pande mbili ilipokutana.